UVIMBE WA TEZI YA PITUITARI UNAOTOA HOMONI: DALILI, VIPIMO NA MATIBABU

Wananchi na watumishi wa Serikali wa Unguja na Pemba wanajulishwa kwamba yapo maradhi yasiyojitangaza kwa homa wala kwa maumivu makali, bali huingia polepole kwa dalili ndogo ndogo ambazo kila moja hufanana na jambo la kawaida. Miongoni mwa maradhi hayo ni uvimbe unaoota katika tezi ya pituitari na kutoa homoni kupita kiasi. Uvimbe huu karibu wakati wote si saratani, na aina yake iliyo nyingi kuliko zote hutibika kwa vidonge bila ya kisu. Hata hivyo wagonjwa wengi hukaa miaka kabla ya kujulikana wanachoumwa, na katika miaka hiyo wengine hupoteza uwezo wa kuona, wengine uzazi, na wengine ndoa zao.

Sababu kubwa ya kuchelewa huko ni kwamba dalili hugawanyika. Mwanamke aliyekatikiwa na siku zake huenda kwa daktari wa uzazi. Mwanamme ambaye meno yake yameanza kuachana huenda kwa daktari wa meno. Mwenye sukari isiyoshuka huenda kliniki ya kisukari, na asiyeona vyema pembeni huenda kununua miwani. Kila mmoja hutibiwa kipande chake, na chanzo hubaki pale pale. Makala haya yanaeleza jinsi vipande hivyo vinavyounganishwa, vipimo vinavyofanywa na utaratibu wake, matibabu yaliyopo, na mambo ambayo mgonjwa, jamaa zake na wakuu wake wa kazi wanapaswa kuyazingatia.

TEZI NDOGO YENYE MAMLAKA MAKUBWA

Tezi ya pituitari ina ukubwa wa punje ya njegere na uzito wa takriban nusu gramu. Imeninginia chini ya ubongo kwa kikonyo chembamba, ndani ya kishimo cha mfupa kilichoko nyuma ya pua, katikati ya kichwa. Juu yake kidogo hupita mishipa ya fahamu ya macho yote mawili, ambayo hukutana hapo kama njia panda. Pembeni mwake hupita mishipa mikubwa ya damu inayoelekea kwenye ubongo.

Udogo wake usimdanganye mtu. Sehemu ya mbele ya tezi hii hutoa homoni ya ukuaji. Prolaktini, ambayo huandaa maziwa ya mama. Homoni inayoziamrisha tezi zilizo juu ya figo kutoa kortisoli. Homoni inayoiamrisha tezi ya shingo. Na homoni mbili zinazoendesha kazi ya uzazi kwa mwanamke na kwa mwanamme. Sehemu ya nyuma huhifadhi na kutoa homoni inayozuia mwili usipoteze maji kwa mkojo, pamoja na ile inayosaidia uchungu wa kuzaa. Kwa maneno mengine, tezi hii ni kama ofisi kuu inayotuma maagizo kwa tezi nyengine, nayo hupokea taarifa kutoka kwao ili ijue wakati wa kuongeza na wakati wa kupunguza.

Uvimbe huanza pale chembe moja ya tezi inapoanza kuzaana bila ya kufuata taarifa hizo. Ikiwa chembe hiyo ni ya wale watoao prolaktini, uvimbe utatoa prolaktini; ikiwa ni ya homoni ya ukuaji, utatoa homoni ya ukuaji. Uvimbe usiofika milimita 10 huhesabiwa kuwa mdogo, na unaofika au kuzidi kipimo hicho huhesabiwa kuwa mkubwa. Uchunguzi uliofanywa katika nchi za Ulaya umeonesha kwamba takriban mtu 1 katika kila watu 1,000 ana uvimbe wa pituitari uliomletea matatizo. Uvimbe huu hauambukizi, hauletwi na chakula, na kwa wagonjwa walio wengi haurithiwi.

AINA KUU NA DALILI ZAKE

Aina ya kwanza, na iliyo nyingi kupita zote, ni uvimbe unaotoa prolaktini. Homoni hii ikizidi huizima kazi ya uzazi, kama inavyofanya kwa kawaida wakati mama ananyonyesha. Mwanamke hukatikiwa na siku zake au huzipata kwa kurukaruka, hashiki mimba, na pengine maziwa hutoka hali ya kuwa hana mtoto mchanga. Mwanamme hupungukiwa na hamu na nguvu za kiume, na mbegu zake huwa chache. Kwa kuwa wanaume wengi huona haya kulieleza jambo hili, au hulihesabu kuwa ni uchovu wa umri, uvimbe wao mara nyingi hugunduliwa ukiwa umeshakuwa mkubwa. Inafaa ifahamike vyema kwamba mke asiyeshika mimba kwa sababu ya prolaktini hana kosa wala hana kasoro isiyotibika, na kwamba wanandoa wasiopata mtoto hupaswa kupimwa wote wawili. Nyumba nyingi zimevunjika kwa jambo ambalo lingeweza kujulikana kwa kipimo kimoja cha damu.

Aina ya pili ni uvimbe unaotoa homoni ya ukuaji. Ukimpata mtoto au kijana ambaye mifupa yake bado haijafunga, hurefuka kupita kiasi. Mfano unaojulikana duniani ni wa Robert Wadlow wa mji wa Alton nchini Marekani, aliyezaliwa mwaka 1918 na kufikia urefu wa sentimita 272. Alifariki mwaka 1940 akiwa na umri wa miaka 22, baada ya chuma cha kumsaidia kutembea kumchubua mguu na kidonda kuingia vijidudu. Katika zama zake haukuwapo utaratibu wa kuuzuia ukuaji ule.

Ukimpata mtu mzima, urefu hauongezeki, bali mikono, miguu, taya, pua na ulimi huongezeka. Daktari Mfaransa Pierre Marie aliyaeleza maradhi haya na kuyapa jina mwaka 1886. Dalili zake huja polepole kiasi kwamba hata wanaoishi nyumba moja na mgonjwa hawazitambui: pete haiingii tena, viatu hupanda namba, meno ya chini huachana, sauti huwa nzito, jasho huzidi, mikono hufa ganzi, na usingizini mtu hukoroma na pumzi kumkatika. Nyuma ya dalili hizo huja shinikizo la damu, kisukari, maumivu ya viungo na kupanuka kwa moyo. Ni jambo la kawaida kwa maradhi haya kugunduliwa baada ya miaka 5 hadi 10. Njia nyepesi ya kuyatilia shaka ni kuiweka picha ya mtu ya kitambulisho cha zamani karibu na uso wake wa leo.

Aina ya tatu ni uvimbe unaozisukuma tezi za juu ya figo zitoe kortisoli kwa wingi. Mpasuaji wa Marekani Harvey Cushing ndiye aliyeyakusanya na kuyaeleza maradhi haya mwaka 1932, nayo yakaitwa kwa jina lake. Uso huwa wa duara na mwekundu, tumbo hujaa ilhali mikono na miguu hukonda, mafuta hujikusanya nyuma ya shingo, ngozi huwa nyembamba na kuvilia damu kwa kuguswa tu, na michirizi mipana ya rangi ya zambarau hutokea tumboni na mapajani. Mgonjwa hushindwa kuinuka kwenye kiti bila ya kujishika, mifupa yake huvunjika kwa jambo dogo, na moyo wake hujaa huzuni au hasira asizozielewa. Uvimbe wenyewe mara nyingi ni wa milimita chache tu, lakini usipotibiwa huua kwa shinikizo la damu, kuganda kwa damu au maradhi ya kuambukiza.

Aina ya nne, ambayo ni adimu, ni uvimbe unaoiamrisha tezi ya shingo ifanye kazi kupita kiasi. Mgonjwa hukonda, moyo humwenda mbio na mikono humtetemeka. Khatari iliyopo ni mgonjwa huyo kutibiwa tezi ya shingo pekee, hata pengine kuondolewa, wakati amri inatoka juu.

Pamoja na kutoa homoni, uvimbe mkubwa hubana vilivyo jirani nao. Ukipanda juu hukandamiza njia panda ya mishipa ya macho, na mgonjwa hupoteza uoni wa pembeni kulia na kushoto huku akiendelea kuona vizuri mbele. Mtu wa namna hii husoma ubao wa herufi kwa daktari bila ya taabu, lakini hugonga miimo ya milango, humwaga chai aliyowekewa pembeni, na anapoendesha gari haoni mwenda kwa miguu anayetokea upande. Kwa sababu hiyo, dereva mwenye dalili hizi anapaswa kuacha kuendesha hadi apimwe.

VIPIMO: DAMU KWANZA, PICHA BAADAYE

Utaratibu sahihi wa uchunguzi huanza na maelezo ya mgonjwa na kuangaliwa mwili wake, kisha damu, na picha ya kichwa mwisho. Kuanza na picha huleta makosa mawili. Kosa la kwanza ni kwamba watu wengi wazima wana vivimbe vidogo vya pituitari visivyo na madhara yoyote, na picha itawatia khofu bure. La pili ni kwamba uvimbe unaoleta madhara makubwa, hasa ule wa kortisoli, unaweza kuwa mdogo kiasi cha kutoonekana kwenye picha.

Prolaktini hupimwa kwa damu iliyotolewa wakati wowote wa mchana, mgonjwa akiwa ametulia. Kabla ya kuulaumu uvimbe, daktari huhakikisha kwamba mwanamke hana mimba wala hanyonyeshi, kwamba tezi ya shingo haijazorota na figo hazijashindwa, na kwamba mgonjwa hatumii dawa zinazopandisha homoni hiyo. Dawa hizo ni pamoja na metoklopramidi ya kuzuia kutapika, haloperidoli na risperidoni za maradhi ya akili, na methildopa ya shinikizo la damu. Kwa hiyo mgonjwa anatakiwa kwenda na dawa zake zote, au majina yake, na wala asiziache kwa hiari yake. Prolaktini iliyopanda kidogo mara nyingi ina sababu nyengine; iliyopanda mara kumi au zaidi ya kawaida huelekeza kwenye uvimbe mkubwa wa prolaktini. Uko pia mtego wa maabara: uvimbe ukiwa mkubwa sana, prolaktini huwa nyingi hata ikakielemea kipimo, na jibu likatoka la chini kwa udanganyifu. Hapo damu huzimuliwa mara 100 na kupimwa tena.

Kwa homoni ya ukuaji, kipimo kimoja cha homoni yenyewe hakitoshi, kwa kuwa hupanda na kushuka kila saa. Hupimwa badala yake kemikali iitwayo IGF-1, ambayo ini huitoa kwa kufuata amri ya homoni hiyo, nayo haibadiliki sana kwa siku. Ikiwa jibu lina utata, mgonjwa hunyweshwa gramu 75 za glukosi na damu yake huchukuliwa mara kadhaa ndani ya saa mbili. Kwa mtu mzima wa afya, sukari huishusha homoni ya ukuaji. Kwa mwenye uvimbe haishuki inavyotakiwa.

Kwa kortisoli, swali la mwanzo si la maabara bali ni la ukweli: mgonjwa anatumia nini? Vidonge vya prednisoloni na deksamethasoni vinavyomezwa bila ya cheti cha daktari kwa ajili ya kunenepa au kutuliza maumivu, pamoja na krimu za kujichubua zilizotiwa dawa kama klobetasoli, huleta sura ile ile ya maradhi ya Cushing bila ya uvimbe wowote. Anayetumia vitu hivyo aseme bila ya kuona haya. Na asiviache ghafla ikiwa amevitumia kwa muda mrefu, kwa sababu tezi zake za juu ya figo huwa zimelala na zinaweza kushindwa kuamka. Daktari humpunguzia kidogo kidogo.

Baada ya hapo hufanywa vipimo vitatu, na daktari huhitaji angalau viwili vikubaliane. Cha kwanza ni mkojo wa saa 24, ambao hukusanywa wote katika chombo kimoja bila ya kuacha hata haja moja. Cha pili ni mate yanayochukuliwa baina ya saa 5 na saa 6 usiku, wakati ambao kortisoli ya mtu wa afya huwa imeshuka kabisa. Cha tatu ni kumeza miligramu 1 ya deksamethasoni saa 5 usiku na kutoa damu baina ya saa 2 na saa 3 asubuhi. Kortisoli ikibaki juu ya nanomoli 50 kwa lita, uchunguzi huendelea. Zikithibitika, hupimwa amri inayotoka pituitari ili ijulikane kama chanzo kiko kichwani au kwenye tezi za juu ya figo zenyewe.

Hapo ndipo inapofika zamu ya picha. Iliyo bora ni ya mashine ya sumaku, MRI, pamoja na sindano ya dawa inayoonesha tofauti. Mwenye chuma mwilini, kama vile betri ya moyo, lazima aseme kabla ya kuingizwa. Mwenye uvimbe mkubwa hupimwa pia upana wa uoni wake, jicho moja baada ya jengine, na homoni nyengine zote, kwa sababu uvimbe unaotoa homoni moja kwa wingi unaweza kuwa umezibana chembe zinazotoa nyengine.

MATIBABU KWA DAWA

Uvimbe wa prolaktini hutibiwa kwanza kwa vidonge, hata ukiwa mkubwa. Dawa inayopendelewa ni kabagolini, ambayo kwa kawaida humezwa mara moja au mbili kwa wiki. Nyengine ni bromokriptini, iliyotumika tangu miaka ya 1970, ambayo humezwa kila siku. Dawa hizi huishusha prolaktini hadi kiwango cha kawaida kwa walio wengi, na huusinyaza uvimbe wenyewe. Uoni uliobanwa unaweza kuanza kurejea ndani ya siku au wiki chache. Zinaweza kuleta kichefuchefu na kizunguzungu mwanzoni, na ndiyo maana huanzwa kwa kiasi kidogo, usiku, pamoja na chakula. Kwa watu wachache huleta tabia ngeni, kama kucheza kamari, kutumia fedha ovyo au matamanio yasiyozuilika. Jamaa wakiona mabadiliko hayo wamwarifu daktari badala ya kumlaumu mgonjwa.

Mwanamke anayetibiwa anapaswa kujua kwamba uwezo wa kushika mimba unaweza kurudi kabla hata hajaona siku zake. Akishika mimba amwone daktari mara moja. Mwenye uvimbe mdogo kwa kawaida huambiwa asimamishe dawa, na mwenye mkubwa huangaliwa kwa karibu. Baada ya angalau miaka miwili ya matibabu, ikiwa prolaktini ni ya kawaida na uvimbe umesinyaa sana, daktari anaweza kujaribu kuipunguza dawa na kuiacha. Mgonjwa asiiache mwenyewe kwa kuona tu kwamba amepata nafuu.

Kwa uvimbe wa homoni ya ukuaji zipo sindano za oktreotidi na lanreotidi, ambazo kwa kawaida hupigwa kila baada ya wiki 4, na nyengine iitwayo pegvisomanti inayozuia homoni hiyo isifanye kazi mwilini. Kwa maradhi ya Cushing zipo dawa za kupunguza utengenezaji wa kortisoli, kama ketokonazoli na metiraponi. Dawa hizi nyingi ni ghali na huhitaji uangalizi, na katika aina hizi mbili hutumika zaidi pale upasuaji ulipobakisha uvimbe au haukuwezekana.

UPASUAJI NA MIONZI

Kwa uvimbe wa homoni ya ukuaji, wa Cushing na wa kuiamrisha tezi ya shingo, tiba ya kwanza ni upasuaji. Wengi huogopa wakidhani kwamba fuvu litafunguliwa. Kwa wagonjwa walio wengi haliguswi. Mpasuaji hupita katika tundu la pua hadi kwenye uwazi wa mfupa ulio mbele ya tezi, hutoboa mfupa mwembamba na kuutoa uvimbe. Njia hii ilitumiwa kwa mara ya kwanza na Hermann Schloffer mjini Innsbruck, Austria, mwaka 1907. Ikaendelezwa na Cushing. Na katika miaka ya 1960 Jules Hardy wa Montreal, Kanada, akaitumia pamoja na hadubini, akaweza kuutoa uvimbe mdogo na kuibakisha tezi nzima. Siku hizi hutumiwa pia darubini nyembamba yenye taa.

Matokeo hutegemea mambo mawili: ukubwa wa uvimbe na uzoefu wa mpasuaji. Uvimbe mdogo wa homoni ya ukuaji hudhibitika kwa takriban wagonjwa 8 katika kila 10. Uliokuwa mkubwa, kwa takriban nusu tu. Hesabu hii peke yake inatosha kuonesha thamani ya kugundua mapema.

Baada ya upasuaji mgonjwa asipenge kamasi kwa nguvu kwa muda atakaoelezwa. Maji meupe kama ya kisima yakimtoka puani, hasa anapoinama, arudi hospitali siku hiyo hiyo, kwa kuwa huenda ni maji yanayouzunguka ubongo. Kiu kali na mkojo mwingi usiokwisha vilevile ni dalili za kurudi. Aidha kichwa kuuma, kichefuchefu na kuchanganyikiwa katika wiki mbili za mwanzo huweza kumaanisha chumvi ya damu imeshuka.

Mionzi hutumika pale upasuaji na dawa vilipokuwa havikutosha. Kazi yake ni ya polepole na huweza kuchukua miaka. Sultan Kösen wa Uturuki, mwenye urefu wa sentimita 251, alitibiwa kwa mionzi na dawa katika Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, kuanzia mwaka 2010. Mwaka 2012 ilitangazwa kwamba ameacha kurefuka. Upungufu wa mionzi ni kwamba tezi iliyobaki huweza kudhoofika baadaye, na mgonjwa akahitaji kurejeshewa homoni.

BAADA YA MATIBABU

Tezi ikipungukiwa na nguvu, iwe kwa uvimbe, upasuaji au mionzi, mgonjwa hupewa vidonge vya homoni zilizokosekana. Muhimu kuliko vyote ni haidrokotisoni. Hii si dawa ya kumezwa wakati wa maumivu na kuachwa wakati wa nafuu. Ni badala ya kitu ambacho mwili hauwezi kuishi bila yake. Mgonjwa akipatwa na homa kali huongeza kiasi kama alivyoelekezwa na daktari. Akitapika na vidonge havikai, hupelekwa hospitali kupigwa sindano bila ya kusubiri kupambazuke. Inafaa atembee na karatasi inayoeleza hali yake, na jamaa zake wajue ilipo.

Kuhusu mwezi wa Ramadhani, mwenye kutumia haidrokotisoni, au dawa ya kuzuia mkojo mwingi, asifunge kabla ya kuzungumza na daktari wake, kwani kufunga kunaweza kumtia katika khatari ya kuanguka kwa shinikizo la damu au kupungukiwa na maji. Anayetumia kabagolini pekee huweza kuimeza usiku pamoja na chakula.

Hata aliyepona hupaswa kurudi kupimwa mara kwa mara kwa maisha yake yote, kwa sababu uvimbe huweza kurejea baada ya miaka mingi.

DALILI ZA DHARURA

Maumivu makali ya ghafla ya kichwa, pamoja na kutapika, kuona vitu viwili viwili, ukope kuanguka au kupotewa na uoni, yanaweza kuwa ni kuvuja kwa damu ndani ya uvimbe. Hali hii hutokea hata kwa mtu ambaye hajapata kujua kwamba ana uvimbe. Apelekwe hospitali wakati huo huo, usiku au mchana.

KAZINI NA NYUMBANI

Wakuu wa Idara na wasimamizi wa kazi wanakumbushwa kwamba mtumishi aliyebadilika sura, aliyechoka bila ya sababu, aliyekuwa mpole akawa mwenye hasira, au anayelala mezani mchana, si lazima awe mvivu au mtovu wa nidhamu. Kabla ya kuandikiwa barua ya onyo, inafaa ashauriwe kumwona daktari, na siku za kliniki zake ziheshimiwe. Vivyo hivyo walimu wa skuli wanaombwa kumwangalia mtoto anayewapita wenzake kwa urefu kwa kasi isiyo ya kawaida, au anayenenepa huku urefu wake ukiwa umesimama. Dalili hii ya pili huwa ni ya kortisoli, nayo ina maana kubwa kwa mtoto.

Nyumbani, mgonjwa asiambiwe kwamba amefanyiwa au amelogwa. Anayependa kuombewa dua aombewe, lakini kipimo cha damu kisicheleweshwe kwa ajili hiyo.

PA KUANZIA

Mwenye dalili zilizoelezwa aanzie kituo cha afya kilicho karibu naye, na azitaje dalili zote kwa pamoja, hata zile anazodhani hazihusiani: siku zilizokatika pamoja na kichwa kinachouma, pete iliyobana pamoja na sukari, unene pamoja na michubuko. Kutoka hapo ataelekezwa hospitali ya wilaya, kisha kwa Unguja Hospitali ya Mnazi Mmoja, na kwa Pemba Hospitali ya Abdalla Mzee iliyopo Mkoani. Anayehitaji upasuaji huweza kupelekwa Dar es Salaam, ambako Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, hushughulikia pia upasuaji wa ubongo. Achukue picha za zamani, orodha ya dawa zake, na majibu yote ya vipimo alivyokwisha kufanya, ili asianze upya kila anapofika.

Wananchi wanaombwa wayasome maelezo haya na kuwasomea wasiojua kusoma. Uvimbe wenyewe huwa wa milimita chache. Madhara makubwa huletwa na miaka inayopita bila ya mtu kuuliza.